Dakika za Kusubiri Damu

Katika droo ya meza ya nesi wa zamu, kwenye hospitali niliyoitumikia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kilikaa kibati cha wino wa bluu ambacho hakikuwa na muhuri wake. Muhuri ulifungiwa ofisini kwa katibu. Wino ule ulikuwa wa madole gumba. Mgonjwa asiyejua kuandika, au anayejua lakini mkono unatetemeka, alishikwa kidole, kikabonyezwa kwenye kibati, kikabonyezwa chini ya fomu, kisha nesi akakifuta kwa pamba yenye spiriti. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kutafuta mshipa wa dripu. Fomu yenyewe ilichapwa kwa Kiingereza. Ninayemkumbuka kuisoma yote ni mwalimu mmoja wa sekondari mwenye kidole tumbo, na huyo alitusahihishia kosa la tahajia kabla ya kusaini.

Nilikuwa daktari msaidizi. Tanzania ilianza kutufundisha mwaka 1963: matabibu wenye uzoefu walirudishwa darasani, wakafundishwa kushika kisu, wakapelekwa kwenye hospitali za wilaya na za misheni ambako daktari bingwa alikuwa habari ya kusikia. Uwanda wa kati, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Manyoni, uliishi kwa mikono hiyo miaka mingi. Uchungu pingamizi, ngiri iliyobana, utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, mimba iliyotunga nje ya kizazi: hayo ndiyo yaliyotuamsha usiku, na kabla ya kila upasuaji ilitangulia fomu ile.

Wanafunzi ninaowasaidia siku hizi hapa Dodoma huniuliza, karibu kila kundi jipya: mgonjwa anakufa, ridhaa utaiombaje? Wanauliza kama watu waliokwisha kujijibu. Dharura haina muda, kwa hiyo apige dole gumba tu, au ndugu asaini, twende. Mimi hubishana nao hapo hapo. Dharura ya kwetu ina muda mwingi, tena muda wa kukera.

Mtu analetwa saa nane usiku kwa trekta kutoka mashamba ya mpunga ya Bahi. Unampapasa tumbo, unajua la kufanya, na huwezi kulifanya. Mtu wa maabara anapima kundi la damu. Ndugu watatu wanajitokeza: mmoja hafai, wa pili ana kundi jingine, wa tatu anaogopa sindano kuliko anavyompenda mgonjwa. Damu ikipatikana lazima ilinganishwe. Jenereta inagoma. Mtaalamu wa usingizi anafuatwa nyumbani, zamani kwa baiskeli, baadaye kwa simu ambayo haishiki mtandao. Vifaa vimetoka kuchemshwa sasa hivi na havishikiki kwa moto. Nusu saa inapita, wakati mwingine saa nzima, na mgonjwa amelala kwenye machela koridoni akitazama dari. Kila mtu anakimbia, na mmoja wao anakimbilia nje chini ya miti kumtafuta mume aje asaini. Muda wa mgonjwa upo, ila unatumika kumtafuta mtu mwingine.

Aliyenionyesha namna nyingine alikuwa sista wa wodi ya wanawake, Mgogo wa Mvumi, mama mfupi mwenye sauti nzito ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Usiku mmoja tuliletewa mwanamke mwenye mimba iliyopasuka nje ya kizazi. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, mapigo ya moyo hayahesabiki vizuri, tumbo limejaa. Mimi nilikuwa na haraka zote za ujana. Sista aliweka dripu mbili, akatuma watu maabara, halafu akavuta kigoda, akaketi kichwani pa mgonjwa kama mtu aliyekuja kutembelea. Akamsalimia: "Mbukwenyi." Yule mwanamke, katika hali ile, akaitikia.

Kisha Sista akamwambia kwa Kigogo, na mimi Mrangi wa Kondoa nikifuata kwa kuchelewa, kwamba mimba ilijishikiza pasipo mahali pake, kwenye mrija, na mrija umepasuka. Damu inamwagika tumboni. Tutakulaza usingizi, tutafungua tumbo, tutautoa mrija huo ili damu ikome. Tusipofanya hivyo hutaiona asubuhi. Tukifanya, wengi hupona, lakini wapo wasioamka. Hakuongeza kitu. Akanyamaza kidogo, akasema: "Haya, sasa nisimulie wewe. Tunakwenda kufanya nini?"

"Damu inanimwagikia tumboni. Mnanipasua muifunge. Mtoto hayupo tena." Akapumua. "Nitazaa?"

"Una mrija mwingine. Daktari huyu atauangalia na hatauondoa kama ni mzima."

Mwanamke akageuza macho akanitazama mimi, na nikaitikia kwa kichwa. Dole gumba lilikuja baadaye, wakati damu ya kaka yake inaletwa kutoka maabara, na kwa kweli lilikuwa limeshakuwa jambo dogo. Niliingia thieta nikiwa na agizo. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika agizo hilo, na nilipouona mrija wa pili, umevimba kidogo lakini mzima, niliuacha bila kusitasita.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiangalia kile kigoda kuliko ninavyoangalia fomu. Ukitaka kujua hospitali inaombaje ridhaa, angalia kama kuna mtu anayeketi. Na ile "nisimulie wewe" nimewafundisha wengi. Wengine huiona ni kumwonea mgonjwa, kumtungia mtihani mtu anayeumwa. Wajaribu kwanza. Mgonjwa aliyesema "ndiyo, daktari" mara nne mfululizo, ukimwomba asimulie, utamkuta anadhani anapelekwa kupigwa picha.

Lugha ni tatizo kubwa kuliko tunavyopenda kukiri katika nchi inayojivunia Kiswahili, na kwa haki. Upande wetu wa Kondoa na Chemba peke yake utakutana na Kirangi, ambacho ni ndugu wa Kiswahili. Kiburunge, chenye asili ya Kikushi. Kibarabaig cha wafugaji wa Kiniloti. Na Kisandawe chenye sauti za kugonga ulimi, ambacho wataalamu bado wanabishana kina undugu na nani. Bibi wa miaka sabini aliyekuja na maumivu makali anarudi kwenye lugha aliyolilia utotoni. Nimejifunza kumwogopa mkalimani anayefupisha: unazungumza dakika mbili, yeye anatoa maneno matatu, bibi anaitikia, na wewe unaandika kwamba ameelewa. Mkalimani mbaya kuliko wote ni mwana anayempenda sana mama yake. Huyo huondoa kila neno la kutisha njiani.

Lakini katika yote niliyoyaona, mgonjwa aliyenifundisha zaidi ni mzee mmoja wa upande wa Chamwino, aliyekataa.

Ngiri yake ilikuwa imebana tangu jana yake. Alikuwa anatapika, na uvimbe kinenani umekuwa mgumu na mwekundu. Kila daktari anajua maana yake: utumbo ulionaswa mle unakosa damu, unaoza, na kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kupona. Tulimweleza. Alisikiliza vizuri, alisimulia vizuri kuliko wanafunzi wangu wa sasa, kisha akasema, "Kesho."

Wanawe wawili wakaanza kumsihi. Tabibu kijana tuliyekuwa naye akapandisha sauti, akasema mzee haelewi hatari iliyopo, tumpige dole gumba tuendelee. Mzee hakumjibu. Alifumba macho, namna wazee wa Kigogo wanavyofumba wanapoona mtoto anawakosea adabu na hawataki kumwona akifanya hivyo. Nikamwamkia upya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kesho kuna nini?"

Alifungua macho. "Mwanangu mkubwa hayupo hapa. Hawa ni wadogo. Na ng'ombe wangu hawako zizini kwangu."

Anayeijua Ugogo ameshaelewa. Kwa asiyeijua, nieleze kidogo. Dodoma hupata mvua kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, karibu zote zikianguka kati ya Desemba na Aprili, na hata hizo huanguka kwa upendeleo: kijiji hiki kinalowa, cha jirani kinatazama mawingu yakipita. Mfugaji mwenye akili hawaweki ng'ombe wake wote pamoja. Anao wachache nyumbani, wengine amewaweka kwa rafiki, wengine kwa shemeji, wengine kwa mtu aliyeko mwendo wa siku mbili ambaye anakunywa maziwa na kulinda ndama mpaka mwenyewe atakapowahitaji. Ugonjwa ukiingia zizi moja, au ukame ukipiga upande mmoja, ukoo haumaliziki. Watu hawa walipitia Mtunya, ile njaa ya kati ya 1917 na 1920 ambayo majeshi ya vita vya Wazungu yaliitangulia kwa kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi. Hawahitaji kuelezwa kwa nini mali isikae mahali pamoja. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima kuhusu ng'ombe na undugu katika jamii hii, kikatoka mwaka 1969, na nilipokisoma nikiwa nimeshazeeka nilimkumbuka mzee wangu.

Makubaliano hayo hayaandikwi. Yanakaa kichwani mwa mwenye mali na kwa mashahidi wachache. Mzee alikuwa na kichwa chenye kundi zima la ng'ombe ndani yake, na sisi tulikuja kumwambia tutakilaza kichwa hicho na huenda kisiamke.

"Mnataka kunilaza usingizi," alisema, "na ng'ombe watalala na mimi."

Hakuwa anaogopa kisu hata kidogo. Tabibu wetu alisema haelewi hatari; kumbe aliielewa kuliko sisi wote, na aliielewa hadi ng'ambo ya kaburi, mahali ambapo sisi hatukuwa tumefika. Nilimwambia ukweli: mkubwa hatafika kabla ya utumbo kuoza. Lakini damu yako bado iko maabara, na jenereta haijawashwa. Hawa wadogo wapo. Je, yupo mtu mzima ambaye neno lake litasikika kwa mkubwa? Alikuwepo, jirani yake, aliyeendesha mkokoteni uliomleta, amelala chini ya mwembe nje ya wodi. Tukamwamsha.

Mzee akaanza kutaja. Sista alikuwa anamwingiza mpira wa puani, akamwomba anyamaze ameze, akameza, akaendelea kutaja. Ng'ombe wa pembe zilizopinda, yuko kwa fulani, amezaa mara mbili, ndama wa kwanza ni wa fulani, wa pili ni wetu. Dume jekundu. Majike wanne ng'ambo ya reli. Deni la mahari ambalo halijamalizika. Jirani alikuwa anarudia kila jina kwa sauti, na wanawe wawili, ambao dakika chache nyuma walikuwa wanalia, walikuwa wamenyamaza kabisa wakihesabu kwa vidole. Nilisimama pale na mikono yangu iliyooshwa nikijifunza utajiri wa mtu ambaye nguo zake zilikuwa zimechakaa kuliko za mlinzi wetu.

Alipomaliza alinyoosha dole gumba yeye mwenyewe. "Haya, leta wino wako."

Tulikata kipande cha utumbo kilichokwisha kufa, tukaunga. Alipona. Nilisikia baadaye kwamba wanawe waliondoka hospitalini na uso wa watu waliopunjwa kidogo, maana baba alikuwa ameshatoa siri zote na bado yuko hai kuwapinga.

Ninachowaambia wanafunzi kuhusu mzee huyu ni kwamba mazungumzo yale hayakuchelewesha upasuaji. Yalimalizika damu ilipofika. Na kama tungembana kidole, tungepata saini na tungemkosa yeye. Mtu anayekataa huwa na sababu, na mara nyingi sababu hiyo haiko tumboni. Ni mtoto aliyeachwa amelala peke yake nyumbani. Ni mbuzi aliyeuzwa na fedha ziko kwenye mfuko wa shati alilovuliwa mapokezi. Ni hofu ya gharama, kubwa kuliko hofu zote, ambayo mgonjwa huona aibu kuitaja na hivyo husema anaogopa usingizi. Majeruhi wa bodaboda hudhani hawezi kuguswa mpaka polisi watoe fomu ya PF3. Ukiuliza "kesho kuna nini?" utajua. Ukiuliza "mbona unakataa?" utapata ugomvi.

Wapo kweli wasio na dakika. Kijana amegongwa kwenye barabara kuu karibu na Kibaigwa, hana fahamu, hana ndugu, hana hata jina. Hapo hakuna wa kumwuliza, na sheria haikusubirishi: kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu kinamkinga anayempasua mtu kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi unaostahili, kwa faida ya mtu huyo, ikiwa hali yake inahalalisha. Madaktari wawili wanaandika walichokiona, saa, na kwa nini hawakungoja. Hilo ni rahisi. Kinachoniudhi ni jinsi kinga hii ya asiye na fahamu inavyonyooshwa mpaka ikawafunika wenye fahamu zao timamu ambao tatizo lao ni kwamba wanaumwa, ni maskini, au ni wanawake.

Suala la waume limenichosha. Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna aliyewahi kunionyesha sheria ya Tanzania inayomtaka mwanamke mtu mzima apate saini ya mumewe ndipo apasuliwe kuokolewa. Bado nimeona uchungu pingamizi ukingojea mtu aliyeko malishoni. Mama mkwe anasimama mlangoni: "Mwenye mke hajafika." Vijana wengi hapo hugombana naye, wanamwona ni adui. Sista hakuwahi. Alimshika mkono mama mkwe, akamwita dada, akamweleza hali ilivyo, akampa kazi ya kutafuta watu wa kutoa damu, kwa sababu hakuna mtu katika ukoo mwenye sauti kubwa kuliko yake. Mama mkwe akaondoka akiwa na cheo. Ndipo Sista akarudi kwa mzazi, akangoja uchungu uachie, na kumwuliza katikati ya uchungu na uchungu, kwa sentensi fupi. Ukoo una kazi nyingi halali usiku ule: damu, uji, nauli, maombi, ushauri. Jibu peke yake ndilo la mzazi.

Na uchungu unaachia kweli. Anayesema mzazi hawezi kuulizwa chochote hajawahi kumtazama saa nzima. Ila kuna mambo ambayo si ya kuulizwa wakati huo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia iliamua kesi ya wanawake watatu waliofungwa mirija walipokuwa wakijifungua kwa upasuaji. Fomu zilikuwepo na saini zilikuwepo, zimechukuliwa wakati wa uchungu. Mahakama ikasema ile haikuwa ridhaa. Kwa majirani zetu Kenya, Mahakama Kuu mwaka 2022 iliwapa haki wanawake wanaoishi na VVU waliofungwa mirija katika mazingira ya kufanana na hayo. Kumpasua mama ili yeye na mtoto waishi ni swali la usiku huo. Kumfunga uzazi, "kwa kuwa tumbo liko wazi," ni swali la kliniki ya wajawazito, miezi kabla, akiwa amekaa vizuri na amekunywa chai. Anayeyachanganya maswali hayo mawili kwenye karatasi moja anajua anachofanya.

Wasichana ni mtihani mwingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, na ingawa Mahakama Kuu mwaka 2016 ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019, wodi zetu za wazazi hazikumaliza kuwapokea. Analetwa wa miaka 16, mke wa mtu, mtoto mbele ya sheria. Baba anasema aulizwe mume, mume anasema aulizwe baba. Asaini mlezi, sawa. Lakini tumbo ni la msichana, na maelezo anapewa yeye, kwa ukamilifu uleule. Nimewaona wakielewa haraka kuliko wanaume wao waliokuwa wanabishana koridoni.

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa: aliyekuja kwa ajili ya goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuja kwa ajili ya kichwa alipasuliwa goti. Nchi nzima ilishtuka. Nairobi ilikuja kushtuka vilevile mwaka 2018, mtu alipofunguliwa fuvu katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kwa kubadilishwa na mgonjwa mwingine. Huko kwetu tulizungumza habari ya Muhimbili wiki nzima kwenye chai, na wengi wakalaumu majina na mafaili. Mimi nilikuwa najiuliza ni nani aliyeketi na wagonjwa hao kabla ya machela kusukumwa, akawaomba wasimulie. Mtu anaweza kukosea faili. Mwenye goti hawezi kukosea kwamba ni goti.

Miezi hiyohiyo, kusini yetu, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa moja ya hospitali nane duniani, pamoja na za London, Toronto, Seattle, New Delhi, Manila, Amman na Auckland, zilizokuwa zinajaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Matokeo yalitoka mwaka 2009: kwa hospitali zote kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Watu hukumbuka kuhesabu pamba na kutoa antibiotiki kwa wakati. Swali la kwanza kabisa kwenye orodha ile, kabla ya usingizi, ni kama mgonjwa amethibitisha yeye ni nani, anafanyiwa nini, mahali gani, na kama ameridhia. Sista hakuwa ameiona orodha hiyo alipovuta kigoda chake. Nilipomletea nakala aliisoma yote, akasema kwa utulivu kwamba Wazungu nao wamefika.

Tangu mwaka 2017 serikali ilipoanza kuviwezesha vituo vya afya vingi kufanya upasuaji wa dharura wa uzazi, thieta zimesogea karibu na vijiji, na hilo ni jambo la kushukuru kwa dhati. Wanaoshika kisu huko ni vijana, usiku ni wao peke yao, na fomu nyingi nilizoziona siku hizi ziko kwa Kiswahili. Ni nafuu kubwa. Bado fomu ya Kiswahili inaweza kubandikwa dole gumba bila mtu kuketi.

Jambo ambalo hata wenye kuketi hulisahau ni kesho yake. Ridhaa ya dharura hutolewa gizani: mgonjwa amekubali tufungue tumbo bila sisi wenyewe kujua yote yaliyomo. Deni hilo hulipwa asubuhi. Miaka mingi iliyopita alinijia mwanamke kutoka mbali, amekwishauza karibu kila alichokuwa nacho kwa waganga, akitafuta mtoto. Hakuwa amepata hedhi tangu alipojifungua kwa upasuaji, mahali pengine, miaka kadhaa nyuma. Karatasi yake ya kuruhusiwa ilikuwa na herufi tatu tu za Kiingereza za kifupisho. Kizazi kilikuwa kimepasuka na kikatolewa, na bila shaka uamuzi huo ulimwokoa. Waliompasua walifanya kazi nzuri. Hakuna aliyemwambia. Alinisikiliza, akauliza kama nina hakika, kisha akauliza ni kiasi gani cha fedha ambacho asingekitumia kama angejua. Tulikaa tukakipiga hesabu pamoja, kwa kuwa alitaka hesabu.

Kwa hiyo nawataka wanafunzi waandike kwa Kiswahili, kwa maneno ya nyumbani, kilichokatwa, kilichobaki, na maana yake kwa uzazi, kazi na chakula, halafu wakisome mbele ya mgonjwa. Hivi karibuni mmoja wao alinionyesha karatasi aliyomwandikia mama wa mimba ya nje ya kizazi: mrija wa kulia umetolewa, mshono utatolewa tarehe fulani, asibebe ndoo kwa wiki sita. Ilikuwa safi. Nikamwuliza mrija wa kushoto ukoje. Mzima, akasema, tuliuona wote. Mbona hukuandika? Akashika kichwa, mgonjwa alikuwa ameruhusiwa asubuhi ile. Namba ya simu iliyoachwa mapokezi ilikuwa ya mume, na kijana alikuwa ameshaanza kuibonyeza nilipomzuia. Alipanda bajaji na karatasi mpya hadi stendi ya Nzuguni, akaanza kupita basi moja baada ya jingine kati ya mabasi ya Singida, akiuliza dirishani.